Moduli ya redio isiporusha, anza na umeme wake

Wewe unayeanza na moduli za nRF24L01+, vibodi vidogo vya kurusha na kupokea data kwa redio, siku moja utakaa mezani kila waya ukiwa mahali pake, programu imeshapakiwa kwenye Arduino, bodi ndogo inayoiendesha moduli, na upande wa pili haupokei chochote. Siku hiyo usikimbilie kuhariri programu. Mimi nilikimbilia huko, nikapoteza wiki nzima. Nilibadili chaneli, nikabadili anwani, nikashusha kasi kutoka megabiti 2 hadi kilobiti 250 kwa sekunde, nikajaribu maktaba nyingine ya programu. Umeme nao niliupima kwa multimita: volti 3.3, zimetulia tuli. Basi nikaliweka suala la umeme kando, kumbe tatizo lilikuwa hapo hapo.

Multimita haikukosea, ila haina mbio za kutosha kwa kazi hii. Kwa kasi ya megabiti 1, pakiti ya baiti 32 pamoja na anwani yake huruka hewani kwa takriban theluthi moja ya milisekunde. Kabla ya hapo chipu hutumia mikrosekunde 130 kujiweka sawa. Ni ndani ya mpenyo huo mdogo ambapo moduli inavuta mkondo kwa pupa. Njia ya umeme ikiwa dhaifu, volti zinaporomoka, pakiti inaharibika, kisha volti zinapanda tena kabla kioo cha multimita hakijabadilisha tarakimu hata moja. Unachosomewa ni wastani, na wastani unapendeza.

Moduli yenyewe ndogo, ile yenye antena iliyochorwa kwenye bodi, huvuta miliampea 11 hivi inaporusha kwa nguvu yake yote na 13 hivi inaposikiliza. Si nyingi. Ile ndefu yenye antena ya kukaza na kikuza mawimbi inaweza kupita miliampea 100. Sasa tazama pini ya 3.3V ya Arduino Uno: imeandikiwa miliampea 50. Hata moduli ndogo inaweza kusumbua ukiilisha kwa nyaya ndefu nyembamba za bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu) bila kapasita yoyote, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo, karibu nayo.

Hapa ndipo bodi ya adapta inapokuokoa. Ishike mkononi uitazame. Ina soketi ya matundu 8 ya kuchomeka moduli, pini sita za mawasiliano, na pini mbili za umeme pembeni, VCC (chanya) na GND (hasi). Kati yake kuna kipande cheusi chenye miguu mitatu, mara nyingi AMS1117-3.3, na kapasita ubavuni mwake. Kipande hicho ndicho regyuleta, kidhibiti cha volti: unakipa volti 5, kinatoa 3.3 hatua chache tu kutoka kwenye chipu, na kina uwezo mkubwa kuliko ile pini ya Uno. Tena bodi hiyo inakuondolea kero ya pini za moduli, ambazo zimepangwa safu mbili zilizobanana kiasi kwamba ukizichomeka kwenye bredibodi zinagusana kwa ndani.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kuipa bodi hiyo volti 3.3, kwa kuwa wamesoma kwamba moduli haitaki zaidi ya 3.6. Wamesoma sawa, lakini hilo linahusu moduli, halihusu adapta. Regyuleta ya aina hii inahitaji kubakiwa na takriban volti 1.1 juu ya inachotoa. Ukiipa 3.3, moduli inapata 2.2 hivi. Na ubaya wake ni kwamba chipu hufanya kazi kuanzia volti 1.9, kwa hiyo itaitikia amri, rejista zake (sehemu zinazotunza mipangilio) zitasomeka vizuri, nawe utaamini kila kitu ni kizima. Ipe 5. Nyaya za mawasiliano zisikutie hofu, kwani pini hizo za chipu zinavumilia volti 5.

Kuipa volti 12 je? Itafanya kazi, ila piga hesabu ya joto. Kwa mkondo wa miliampea 115, regyuleta inayolishwa volti 5 inapoteza wati 0.2, ikilishwa 12 inapoteza wati 1 nzima. Utaisikia kwa kidole.

Jihadhari pia na ESP-01, moduli ndogo ya Wi-Fi. Nayo ina pini 8 katika safu mbili, na inaingia kwenye soketi hiyo bila kipingamizi. Mpangilio ni tofauti kabisa: kwenye nRF24L01+ GND na VCC ziko jirani, kwenye ESP-01 ziko pembe zinazotazamana. Usiichomeke.

Ukitaka kujua kama umeme ndio mchawi, shusha nguvu ya kurusha hadi kiwango cha chini kabisa, dBm -18, kisha ipandishe. Ikirusha vizuri kwa nguvu ndogo na kukwama kwa kubwa, chunguza umeme kwanza. Moduli zenye kikuza mawimbi zitenganishe mita kadhaa, maana zikikaa meza moja zinazibana masikio na jaribio halitakwambia kitu. Kama huna adapta, weka kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 10 hadi 100 kwenye VCC na GND za moduli, karibu kadiri uwezavyo, upande wenye mstari uende GND. Kwa moduli ndogo dawa hiyo mara nyingi inatosha.

Kuna mahali pamoja ambapo siiweki adapta: kituo kinachotumia betri na kulala muda mwingi. Moduli iliyolala hutumia chini ya mikroampea 1, lakini AMS1117 inakula miliampea 5 hivi mchana na usiku. Hiyo ni miliampea-saa 120 kwa siku, na betri ya miliampea-saa 2000 inaisha baada ya siku 16 hivi bila kazi yoyote. Huko naunganisha betri mbili za volti 1.5 mfululizo, moja kwa moja kwenye moduli ndogo, na kapasita yake ubavuni.