Maswali ya Wasomaji: Vyuma Vilivyonyoosha Ukingo wa Gazeti

SWALI: Mzee wetu, salaam nyingi kutoka Nasser Road. Kazi yangu ni kupanga kurasa: kadi za harusi, kalenda, majarida ya kanisa na ya msikiti. Juzi katika chuma chakavu kule Katwe nilikuta kopo lenye vyuma vyembamba vya urefu wa kiganja. Kila kimoja ni chembamba juu na kinene chini, na kina kipande kifupi kinachoteleza juu yake lakini hakichomoki. Muuzaji aliniambia ni vya cherehani. Mzee mmoja wa chapa alipoviona akasema ni vya mashine ya magazeti. Ni vyuma gani? Na zamani hizo, bila kompyuta, ukingo wa kulia wa safu ulinyookaje? Mimi kompyuta ninayo, na bado nikipanga Kiswahili kwenye safu nyembamba nafasi baina ya maneno zinakuwa mashimo. — Msomaji, Kampala

JIBU: Mwanangu, kopo hilo usilirudishe kwenye chuma chakavu. Mzee huyo amekuambia kweli. Hizo ni bendi za nafasi za mashine ya Linotype, na mimi nilianza kazi ya chapa kwa kuzisafisha kabla sijaruhusiwa kugusa kibodi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mpangaji wa mkono alishika stiki, kifaa cha chuma kilichokazwa kwa upana wa safu, akaokota herufi za risasi moja moja hadi mstari ukakaribia kujaa. Mstari haujai wenyewe. Mwishoni hubaki pengo, na pengo hilo lazima ligawanywe baina ya maneno yote, la sivyo ukurasa ukibanwa kwenye fremu herufi zitalegea na kudondoka. Kwa hiyo alirudi nyuma neno kwa neno, akatoa nafasi nyembamba akaweka nene, na penye upungufu mdogo kabisa akachomeka kipande cha shaba ya manjano cha pointi 1 (pointi ni kipimo chetu cha chapa, kama milimita 0.35) au cha shaba nyekundu cha nusu pointi. Karatasi za kusomea alizochapa Alexander Mackay wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, baada ya kufika Buganda mwaka 1878, zilipangwa kwa vidole namna hiyo.

Karne ya 19 ilikuwa na mashine kadhaa zilizodondosha herufi kwa kasi, lakini nyingi zilihitaji mtu wa pili akae kando akikata mistari na kuijaza kwa mkono. Kasi yote iliishia kwenye meza ya huyo wa pili. Sababu ni hii: upana wa nafasi ya kwanza ya mstari hauwezi kuujua mpaka neno la mwisho liwe limeingia. James Paige wa Marekani alijaribu kuunda mashine ya kufanya yote kama mkono wa mtu ufanyavyo. Ilikuwa na vipande 18,000 hivi, ikawa inaharibika kila mara, na pesa nyingi za mwandishi Mark Twain zikazama humo.

Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyesomea ufundi wa saa kisha akahamia Marekani, alipita njia nyingine. Mashine yake haipangi herufi za risasi. Inapanga vikalibu vya shaba, kila kimoja kikiwa na umbo la herufi lililochimbwa ubavuni, kisha inasubu mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Gazeti la New York Tribune lilianza kuitumia Julai 1886. Ukibonyeza kitufe, kikalibu kinashuka kutoka ghalani. Ukimaliza neno, unagusa ufito wa nafasi kushoto kwa kibodi, na bendi moja inashuka na kuning'inia baina ya vikalibu.

Sasa chukua bendi moja katika zako uiinue kwenye mwanga. Utaona ni kabari mbili zilizokabiliana: ile ndefu, na kile kipande kifupi kinachoteleza. Wengi huuliza kwa nini zisiwe kabari moja tu. Kabari moja ina mashavu yaliyolala mshazari. Ukiisukuma baina ya vikalibu, itaviinamisha, na herufi zitatoka zimepinda. Kabari mbili zikipishana, mashavu ya nje yanabaki sambamba muda wote na unene wa katikati peke yake ndio unaoongezeka. Telezesha kile kifupi polepole huku umeibana kwa kidole na gumba, utausikia unene ukikua bila pande kupinda.

Mstari ukikaribia kujaa, opereta anasukuma mkono wa mashine na mstari wote unapelekwa mbele ya kalibu ya kumiminia, baina ya taya mbili zilizowekwa kwa upana wa safu. Chini yake mtaimbo unapanda na kuzisukuma kabari ndefu zote pamoja. Zinapanda, kila nafasi inapanuka, mpaka vikalibu vya mwanzo na vya mwisho vinagota kwenye taya na hakuna tena pa kwenda. Mashine inasukuma mara mbili ili kuhakikisha. Kisha pampu inasukuma risasi iliyoyeyuka, yenye moto wa nyuzi 285 hivi za Selsiasi, na unapata slagi: mstari mzima katika kipande kimoja. Hakuna aliyepiga hesabu. Bendi zenyewe zimegawana lile pengo.

Mstari usipojaa, kuna kizuizi kinachoifunga pampu. Kikiwa kimelegea au kimechakaa, risasi hupenya baina ya vikalibu na kuruka nje. Katika karakana moja niliyofanyia kazi nilimwona opereta akipata kovu la mkono kwa sababu kizuizi kilikuwa kimefungwa kwa waya kazi isisimame. Jambo hilo linanikera hadi leo.

Nilisema nilianza kwa kuzisafisha. Kila siku bendi zilitolewa zote kwenye kisanduku chake, zikasuguliwa moja moja juu ya ubao laini ulionyunyiziwa grafaiti, ule unga mweusi wa kwenye penseli, upande huu na upande huu, mpaka shavu liteleze. Hapo linapokutana na risasi ya moto hung'ang'ania punje ndogo, ambayo kwa macho huioni lakini ukipitisha ukucha unaisikia. Ukiiacha, siku inayofuata punje ile inabonyeza ukuta mwembamba wa kikalibu cha jirani. Ukuta ukibonyea, risasi inapata mwanya, na gazeti linatoka na vistari vyeusi vimesimama baina ya herufi. Nikifunua magazeti ya zamani katika maktaba ya Makerere na kuviona vistari hivyo, najua hapo palikuwa na mtu aliyekuwa akiruka usafi wa asubuhi. Zako zipitishie ukucha hivyo hivyo, karibu na ncha nyembamba.

Na isidhaniwe kuwa kila kitu katika Linotype kilitoka kichwani mwa Mergenthaler. Hataza ya kabari mbili, yaani haki ya mvumbuzi, ilikuwa ya Jacob Schuckers, na ikaangukia mikononi mwa kampuni ya John Rogers, mwalimu wa shule kutoka Ohio aliyekuwa na mashine yake mwenyewe, Typograph. Kampuni ya Linotype ililazimika kuinunua kampuni nzima ya Rogers ili iipate, na Rogers mwenyewe akaenda kuwafanyia kazi miaka mingi. Mimi naona walifanya vizuri. Bila bendi ile, Linotype ingebaki kigari bila magurudumu.

Nije kwenye mashimo yako. Kompyuta inafanya ile ile kazi ya bendi, na inakwama pale pale bendi ilipokwama: maneno yetu ni marefu, kwa hiyo nafasi za kugawana ni chache. Chukua safu ya herufi 30. Mstari wako unasema “Viongozi wanaoshughulikia”. Hizo ni herufi 25 pamoja na nafasi, na nafasi yenyewe ni moja tu. Neno linalofuata ni “mashamba”, haliingii. Pengo la herufi tano lote linamezwa na nafasi moja! Kwenye Linotype bendi moja isingeweza hata kulijaza. Mashine ingesimama, na opereta angeingiza mkono kuongeza vipande. Ila ukikata neno ukaandika “ma-” mwishoni, mstari unafika herufi 29 na una nafasi mbili za kugawana herufi moja iliyobaki. Shimo limekwisha.

Kwa hiyo dawa ni kukata maneno, na kuyakata Kiswahili. Programu yako ikiwa imewekwa lugha ya Kiingereza, itakata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza. Kata baada ya irabu: wa-na-fu-nzi, ma-shi-ndano. Konsonanti zinazokwenda pamoja, mb, nd, nz, ng', ch, sh, usizitenganishe, zishuke pamoja na irabu yake. Usiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, hata ile m ya “mtoto”. Kwa Kiluganda usiigawe konsonanti iliyorudiwa. Mwanzo wa “ssebo” ni kitu kimoja.

Usikubali kuachanisha herufi ndani ya neno ili kujaza mstari. Tulifanya hivyo tulipobanwa na muda, na inaonekana vibaya leo kama ilivyoonekana wakati ule. Safu ikiwa nyembamba kupita kiasi, uache ukingo wa kulia ujiendee. Msomaji hatakulaumu.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nasoma chuo hapa Arua. Mwalimu alitaja mashine nyingine ya kupanga herufi iliyotumia karatasi yenye matundu. Hiyo nayo ilijazaje mstari, kama haina hizo kabari? — Mwanafunzi, Arua

JIBU: Marahaba. Hiyo ni Monotype, ya Tolbert Lanston, karani wa serikali ya Marekani huko Washington aliyepata hataza yake mwaka 1887. Na kabari inazo, ila hazikai kwenye mstari. Zimo ndani ya mashine ya kusubu.

Monotype ni mashine mbili. Ya kwanza ni kibodi, inayotoboa utepe wa karatasi kwa nguvu ya hewa. Ya pili inausoma utepe huo na kusubu herufi moja moja. Kila herufi imepewa upana kwa vizio, ile pana kabisa ikiwa na vizio 18, na kibodi inajumlisha vizio hivyo unavyobonyeza. Mstari ukikaribia mwisho, kengele inalia. Unaamua neno liishie wapi, kisha unatazama ngoma iliyo mbele yako: sindano inaonyesha namba mbili. Unabonyeza namba hizo kwenye vitufe vyekundu. Namba mbili hizo ndizo jibu la hesabu yote, yaani pengo lililobaki limegawanywa kwa idadi ya nafasi.

Lakini namba hizo zimetobolewa mwisho wa mstari, na mashine ya kusubu inazihitaji mwanzoni. Lanston alilitatua hilo vizuri mno: utepe unaingizwa kinyume. Mashine inaanza na mwisho wa kazi yote, inakutana kwanza na zile namba mbili, inaweka kabari zake, kisha inasubu mstari kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza. Kabari moja inapiga hatua za inchi 0.0005, nyingine za inchi 0.0075. Kila moja ina nafasi 15, kwa hiyo hatua 15 za ile ndogo ni sawa na hatua moja ya ile kubwa.

Ukiniuliza ipi bora, kwa gazeti la kila siku nitachukua Linotype. Kwa vitabu, majedwali na hesabu, Monotype, kwa sababu kosa la herufi moja unalisahihisha kwa kubadili herufi moja. Kwenye Linotype lazima usubu mstari wote upya.

SWALI: Ndugu mhariri, nachapisha kijitabu cha dua kwa ajili ya wazee wa mtaa wetu. Wanalalamika kwamba mistari imesongamana na macho yanapotea njia. Wachapaji wa zamani walitenganishaje mistari? — Msomaji, Jinja

JIBU: Kwa herufi za mkono, waliweka vipande virefu vya risasi baina ya mstari na mstari, vifupi kuliko herufi ili visiguse wino. Cha kawaida kilikuwa cha pointi 2. Kwenye Linotype hapakuwa na haja ya kuchomeka chochote: kalibu ya kumiminia ilirekebishwa ili slagi iwe nene kuliko herufi iliyo juu yake, kwa mfano herufi ya pointi 8 juu ya slagi ya pointi 9. Safu ya gazeti ikipungua kufika chini, tuliongeza vipande vile baina ya aya hadi ilingane na jirani yake.

Kwa wazee wako, panga herufi za pointi 12 na uipe mistari pointi 16 kutoka kitako cha mstari hadi kitako cha unaofuata. Pia pima urefu wa mstari. Ukizidi herufi 60 hivi, ongeza pointi moja tena, maana jicho la mzee likirudi kushoto linahitaji njia nyeupe iliyo wazi. Kama kuna maandishi ya Kiarabu yenye irabu zake juu na chini, yapime peke yake. Chapa ukurasa mmoja kwanza, umpe mzee mmoja ausome usiku kwa taa ya nyumbani kwake, kisha ndipo uchape vingine.