Ukishaambiwa nafasi yako ina mtu mwingine

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza, kocha msaidizi wa timu ya ligi ya mkoa, aliniandikia: "Mwalimu, viongozi wameniambia msimu ukiisha wanaleta mtu mwingine. Zimebaki mechi nne, na mshahara wa mwezi uliopita sijaupata. Niende mazoezini au nikae nyumbani?"

Ujumbe huo niliusoma mara tatu, maana yaliyomkuta yalinikuta na mimi. Kabla ya kumwambia yangu, nilimsimulia habari za Liam Brady.

Brady ni mzaliwa wa Dublin, 1956. Alivuka bahari kwenda Arsenal akiwa na miaka 15, akawa kiungo wa mguu wa kushoto ambaye mashabiki wa rika la baba zetu bado wanamtaja. Mei 1980 Arsenal walicheza fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya dhidi ya Valencia mjini Brussels. Mechi ikaenda kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti, Brady akapiga wa kwanza kwa Arsenal, akakosa. Kombe likaenda Hispania.

Mwaka huohuo Italia ilifungua tena mlango kwa wachezaji wa kigeni, mmoja tu kwa kila klabu, na Juventus wakamchukua yeye. Kocha Giovanni Trapattoni akamkabidhi jezi namba 10. Msimu wa kwanza, ubingwa. Msimu wa pili ulikuwa bado haujaisha alipopewa taarifa kwamba kiungo Mfaransa, Michel Platini, anakuja. Wageni walikuwa wameongezwa hadi wawili, lakini nafasi nyingine ilikuwa ya Mpolandi Zbigniew Boniek. Kwa Brady hapakubaki kitu.

Sasa fika naye tarehe 16 Mei 1982, siku ya mwisho ya ligi. Juventus na Fiorentina wana pointi sawa. Juventus wako ugenini Catanzaro, kusini kabisa mwa Italia, na hadi dakika ya 75 hakuna bao. Inatoka penalti. Anayeuchukua mpira ni mtu ambaye ameshaambiwa afungashe mizigo, na ambaye miaka miwili nyuma alikosa tuta mbele ya Ulaya nzima. Akafunga. Fiorentina wakatoka suluhu na Cagliari, Juventus wakabeba ubingwa wao wa 20 na kushona nyota ya pili kwenye jezi, nyota moja kwa kila mataji kumi. Brady akaenda zake Sampdoria.

Mimi yalinishinda. Nilikuwa nafundisha timu ya daraja la tatu ambayo sitaitaja. Mwenyekiti alinipigia simu nikiwa sokoni, akasema, "Kocha, tunashukuru, ila msimu ujao tuna mwalimu mwingine." Nilirudi nyumbani na mfuko wa nyanya, nikafunga mlango. Siku tatu sikwenda uwanjani. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu, pamoja na mipira yote minane, koni na jezi za mazoezi. Vijana walifanya mazoezi kwa mpira mmoja wa kuazima. Kipa wangu alikuja hadi mlangoni siku ya tatu jioni, viatu mkononi, akasema, "Shikamoo mwalimu. Tulidhani unaumwa."

Nilimwitikia, nikamdanganya kwamba kweli naumwa.

Mechi ya mwisho tulifungwa 1-0 kwa kona. Kukaba kona ndiyo kazi niliyopanga kuifanya katika zile siku tatu. Timu haikupanda daraja. Mwenyekiti hakupoteza chochote, waliopoteza ni wale vijana. Posho yangu ya miezi miwili sijalipwa mpaka leo, na bado inaniuma, lakini uso wa yule kipa unaniuma zaidi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotaka kuwa makocha, nendeni mazoezini. Fika mapema kuliko ulivyokuwa ukifika zamani. Toa mipira stoo, panga koni, fundisha kona. Nenda hata kama hujalipwa, nenda hata kama wanakuangalia kwa huruma, nenda. Andika kwenye daftari kila mchezaji yuko wapi na anahitaji nini, ukabidhi daftari hilo pamoja na ufunguo. Kuna mwalimu mwenzako atalifungua.

Na wala usidhani kwamba ukifanya hivyo mambo yatanyooka mara moja. Brady alikwenda kuifundisha Celtic ya Scotland mwaka 1991, kocha wa kwanza wa klabu hiyo ambaye hakuwahi kuichezea. Mwezi Oktoba akafungwa 5-1 na Neuchâtel Xamax huko Uswisi. Miaka miwili bila kombe, akaondoka. Akapita Brighton ya England. Kisha mwaka 1996 Arsenal wakamwita asimamie vijana, akakaa hadi 2014. Vijana wake walichukua Kombe la FA la vijana mwaka 2000 na 2001, na Jack Wilshere, aliyekuja kuwa kiungo wa Arsenal na England, alikulia mikononi mwa kituo chake. Mimi leo nina watoto arobaini uwanjani kila Jumamosi, na najivunia kusema kwamba hakuna siku wamenikosa bila taarifa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni hiki: mwaka 2008 Trapattoni alipopewa timu ya taifa ya Ireland, Brady alikuwa mmoja wa wasaidizi wake. Miaka 26 baada ya Catanzaro. Sikuwepo mezani walipokubaliana, ila naamini hakuna kocha anayesahau nani aliuchukua mpira siku ile.

Mdogo wangu wa Mwanza, mshahara wako udai. Andika barua, nakala peleka chama cha soka cha mkoa, usione aibu. Ila barua hiyo ipeleke asubuhi. Saa kumi jioni uwe uwanjani, vijana wanasubiri mipira.