Usichane Utumbo Juu ya Jiwe

Wadogo zangu wa thieta, kosa hili hujirudia kila kundi jipya linapoanza zamu, na anayelilipia ni mgonjwa. Tumbo limefunguliwa, jiwe la nyongo limepapaswa limekwama mwisho wa utumbo mwembamba, na kisu kinashuka moja kwa moja juu yake kwa kuwa ndipo linapoonekana.

1. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Jiwe limeukandamiza ukuta kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Vena huziba kwanza, ukuta unavimba, kisha damu ya ateri nayo inapungua na mukosa (utando wa ndani wa utumbo) inachimbika vidonda. Ukiugusa ni mzito, umejaa maji, rangi ya zambarau. Ukikaza uzi, uzi unakata nyama kama unashona mkate uliolowa. Utafunga na utaona pamefungika. Siku chache baadaye mshono unavuja: mapigo ya moyo yanapanda, halafu homa, halafu tumbo linakuwa gumu. Mapigo ndiyo hutangulia mara nyingi, kwa hiyo jamani, msiyaite maumivu tu mkaandika dawa ya kutuliza na kuondoka wodini.

Lirudishe jiwe juu, upande lilikotoka, taratibu kwa vidole, sentimita kadhaa, mpaka kwenye utumbo laini wenye rangi nzuri, ndipo uchane. Halisogei? Usilazimishe, ukuta utapasuka. Fungua sehemu yenye afya iliyo juu yake kidogo, ulifuate kwa fosepsi (koleo la upasuaji). Na kama pale lilipokaa pamebaki peusi hata baada ya kufunikwa kwa pedi zenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, kata kipande hicho uunganishe.

2. Kabla ya kisu: pedi zenye unyevu kuzunguka utumbo, sakisheni (mrija wa kunyonya majimaji) mkononi mwa msaidizi, klempu laini (vibanio) pande zote mbili bila kubana mesenteri, yaani utando unaobeba mishipa ya damu ya utumbo. Nyuzi mbili za unene wa 3-0 ziinue ukuta wa mbele, usije ukachana na wa nyuma. Chana kwa urefu, upande ulio mkabala na mesenteri. Msiogope urefu: jiwe la sm 3 likilazimishwa kwenye tundu la sm 2 hurarua kingo, na kingo zilizoraruka hazikutani vizuri.

3. Umechana kwa urefu, funga kwa upana, njia isisinyae. Mshono uwe mm 3 hadi 5 kutoka ukingoni, na nafasi hiyohiyo kati ya mshono na mshono. Shika submukosa (tabaka lililo chini ya mukosa), serosa (utando wa nje) peke yake haibebi uzi. Badilisha glovu na vyombo kabla ya kufunga tumbo.

Bado. Papasa utumbo wote, kuanzia ligamenti ya Treitz (karibu na mwanzo wa utumbo mwembamba) hadi sekamu (mwanzo wa utumbo mpana). Jiwe lenye nyuso bapa lilikuwa limesuguana na wenzake, na la pili huenda limo njiani. Fistula, yaani tundu lililopitisha jiwe kati ya kifuko cha nyongo na duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), kwa mgonjwa aliyedhoofika, iacheni kwa siku nyingine.