Re: Maji ya kuku yanachafuka kila saa

Mkuu umesema ukiweka maji asubuhi, kufika saa nne yashajaa mavi na pumba. Inua hicho chombo, weka juu ya tofali mpaka ukingo ulingane na mgongo wa kuku, hapo hawaparulii takataka ndani. Mimi hapa Igoma, Mwanza, nilikuwa naweka sufuria chini kabisa, vifaranga wakaanza kuharisha damu, iliniuma sana aisee. Halafu pitisha kidole ndani ya chombo, ukikuta ule utelezi ujue kubadili maji tu haitoshi, sugua na brashi kila siku, suuza ndo ujaze, na kikae kivulini maana jua linaleta ukijani haraka. Maji ya ziwani tia klorini kidogo, ila siku ya chanjo ile ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa usitie kabisa, inaua chanjo.