Fundi Anajibu: n8n inakufa nikifunga laptopu

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimeweka n8n, ile programu ya kuendesha kazi zenyewe bila mtu, kwenye seva ya kukodi ya Ubuntu, inasoma oda za duka kwenye Google Sheets halafu inanitumia ripoti Telegram. Inapiga kazi fresh ila nikifunga laptopu tu inakufa. Mshikaji kaniambia niiwashe na nohup, ikasaidia, ila juzi seva imejirestati usiku oda zikalala mpaka asubuhi. Nifanyeje?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa kabisa. Mshikaji wako hajakudanganya, ila nohup kazi yake ni kuzuia programu isife ukitoka tu, seva ikizima ndo basi. Ikabidhi kwa systemd, ambayo ndo inawasha huduma zote Ubuntu ikiamka. Tengeneza faili /etc/systemd/system/n8n.service, ndani andika hivi:

[Unit]
After=network.target

[Service]
User=duka
ExecStart=/usr/bin/n8n start
Environment=GENERIC_TIMEZONE=Africa/Dar_es_Salaam
Restart=always
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Hapo kwenye User weka yuza yuleyule uliyekuwa unaiwashia siku zote, maana n8n inatunza kila kitu, database na ufunguo wa kufungulia pasiwedi zako, kwenye folda ya .n8n ya huyo yuza, sasa watu wanaiwasha kama root, yuza mkuu wa seva, halafu wanalia workflow, yaani zile kazi walizozipanga, zimefutika, kumbe zipo palepale ila root anaangalia folda yake mwenyewe ambayo haina kitu. Na root usimtumie hata hivyo.

Njia ya ExecStart usiikopi kwangu, andika which n8n uone yako ilipo. Kama Node, injini inayoendesha n8n, uliiweka kwa nvm (kifaa cha kusimamia matoleo ya Node) utahangaika kidogo, kwa sababu systemd haisomi .bashrc yako, faili linaloonyesha node iko wapi ukiingia kwenye seva, kwa hiyo hata ukiipa njia sahihi ya n8n, yenyewe node haitaiona na itakufa na kosa namba 127. Ongeza mstari wa Environment=PATH= wenye folda ya node ndani yake. Ukiona 203/EXEC, hiyo njia umekosea au faili halipo.

Timezone nayo usiiruke. Bila huo mstari n8n inafuata saa za New York, ripoti uliyopanga saa mbili asubuhi inakufikia saa tisa au saa kumi alasiri, na mtu atakuambia seva mbovu.

Kabla hujaiwasha ua kwanza ile ya nohup, la sivyo zitagombania port 5678, mlango ambao n8n inautumia, na hii mpya itakuwa inakufa na kufufuka kila baada ya sekunde kumi. Halafu:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now n8n
journalctl -u n8n -f

Hiyo ya mwisho inakuonyesha logi live. Zikitulia, restati seva makusudi, saa ambayo oda haziji, uone kama inaamka yenyewe. Ikigoma nitumie mistari ya mwisho ya logi, sio picha ya skrini jamani, maandishi.