Mahindi ya Kuuza Mjini Yakaushwe Kwanza

Dar es Salaam inasonga ugali kila siku, lakini shamba la Kongwa, mkoani Dodoma, huvunwa mara moja kwa mwaka. Faida imo katika miezi hiyo ya kati, na mara nyingi anaichukua mwenye ghala. Mkulima huuza Juni au Julai, bei ikiwa chini, kwa sababu ya ada za watoto na madeni, na pia kwa kuwa anajua mahindi yake yatabunguliwa kabla ya Januari. Hilo la pili linazuilika.

Tenga magunzi yenye kuvu kabla ya kupukuchua. Anika juu ya turubai, si ardhini, kwa tabaka jembamba, geuza mara kwa mara na ufunike kabla ya umande. Lengo ni unyevu wa asilimia 13. Usipokuwa na kipimo, tumia chumvi: weka punje kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi, tikisa dakika 3, acha 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, bado ongeza siku moja au mbili za jua. Chumvi yenyewe ianikwe kwanza, la sivyo itakudanganya.

Mfuko wa kinga njaa, usiopitisha hewa, una mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Kagua matundu, jaza, bana hewa itoke, kisha sokota, kunja na kufunga shingo ya kila mfuko peke yake. Wadudu, hata dumuzi tunayemwita Scania, humaliza oksijeni na kufa bila dawa. Wengi huharibu kwa kufungua kila wiki kuchota ya kula. Ya kula yakae mfuko wake. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na pambana na panya, maana tundu moja linarudisha hewa.

Mahindi mabichi yakifungiwa humo huota kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Usihifadhi yote. Uza ya kulipia mahitaji ya lazima, yanayobaki yauze kwa mafungu kuanzia Novemba, kwani kuna miaka bei haipandi. Na uuze kwa kilo, kwenye mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikatae.