Barua kwa Mwanaidi, kuhusu yule kijana na pendulamu yake

Mwanaidi, mama yangu,

Hatujambo. Machungwa mwaka huu ni madogo, mama yako amegombana na mbuzi wa jirani kuliko alivyogombana na jirani mwenyewe, na goti langu limetulia. Ujumbe wako wa sauti niliufungua nikiwa dukani, redio inapiga kelele, nikaja kuusikiliza tena nyumbani kwa utulivu.

Unasema kijana wa mwaka wa pili amekuletea ripoti ya pendulamu, lile tufe linaloning'inia kwenye uzi na kubembea, na vipimo vyote ni vya mwanafunzi wa mwaka jana, mpaka ile safu ya pili mwenzake alipokosea kujumlisha naye amekosea hapo hapo. Unaniuliza: umpe sifuri na kumfikisha kwa mkuu wa idara, au umwite, umkanye, yaishe?

Nami nakuuliza: g yake, ule mvuto wa dunia unaopimwa kwa pendulamu, ilikuwa ngapi?

Hukuisema, lakini naijua. Ilikuwa 9.81. Wapishi wote wa data wanaipata 9.81, hakuna hata mmoja anayeteleza akapata 9.80. Na wewe unajua vizuri kwamba hiyo si namba ya kwetu. Ni namba ya London na Paris na majirani zao. Dunia imetuna kidogo kiunoni, sisi wa karibu na ikweta tuko mbali zaidi na kitovu chake, halafu inatuzungusha kwa kasi kuliko inavyowazungusha wao, kwa hiyo usawa wa bahari huku g ni 9.78. Kwenye ncha za kaskazini na kusini ni 9.83. Mfaransa Jean Richer aliliona jambo hili mwaka 1672. Alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kila siku, maana g ikipungua pendulamu hubembea polepole. Angeweza kusema saa imeharibika melini, na watu wangemwelewa. Yeye akaandika alichokiona, akafupisha pendulamu.

Sasa hapo mama yako angekuwa ameshanyanyuka mezani, maana anajua ninakokwenda. Wewe uko mbali, huna pa kunyanyukia.

Nakwenda kwa yule binti wa kandambili. Chuo sikitaji na wewe usikitaje. Alikuwa wa mwaka wa kwanza, na sheria ya maabara ilikuwa viatu vya kufunika miguu, lakini yeye hakuwa navyo, nami, fundi wa maabara, nilijifanya nimesahau sheria. Boom, ile fedha ya kujikimu ya wanafunzi, lilikuwa halijatoka. Stopwochi zilizokuwa zinafanya kazi zilikuwa saba, wanafunzi zaidi ya sitini, basi kila kundi linakimbilia saa, linahesabu mizunguko ishirini, linaandika, linakwenda mgahawani kuulizia wali wa mkopo. Wengine hata ile ishirini hawakuihesabu. Niliwaona wakianzia chini ya ukurasa: wanaiandika 9.81 kwanza, halafu wanarudi nayo juu taratibu mpaka wanafika kwenye sekunde. Kisha wanaongeza uchafu kidogo hapa na pale ili ionekane imepimwa.

Binti alibaki mchana, akaniomba saa moja ambayo hakuna anayeigombea. Alifunga uzi chini kidogo ya mita moja, akapima unene wa tufe la shaba kwa vernia, kile kipimo cha vitu vidogo, akagawa kwa mbili, akajumlisha kwenye urefu wa uzi, jambo ambalo wenzake wote waliliruka. Alilisukuma tufe kidogo sana, upana wa vidole viwili hivi. Halafu akahesabu mizunguko mia tatu. Alikuwa na njiti thelathini za kiberiti mezani upande wa kushoto, kila mizunguko kumi anahamisha moja kulia. Midomo inacheza, sauti haitoki. Mimi nilikuwa nina mtungi wa kuhamisha, nikauacha pale pale nisije nikampotezea hesabu. Dakika kumi nzima hivyo. Alipomaliza akazirudisha njiti zote kushoto, akaanza upya.

Unaelewa kwa nini mia tatu. Kwa mizunguko ishirini, tofauti kati ya 9.78 na 9.81 ni kama sehemu sita za mia za sekunde, kidole kinachobonyeza saa hakiwezi kuiona. Kwa mia tatu inakuwa karibu sekunde nzima, na hapo kidole kinaona. Hakuna mtu aliyemwambia. Hata mimi sikumwambia, maana sikuwahi kuifikiria.

Alipata 9.78 mara ya kwanza na 9.77 mara ya pili. Nakuapia, nilitaka kucheza.

Ripoti ilirudi na wino mwekundu: "Rejea kitabu." Nne kwa kumi. Wale wa kuanzia chini ya ukurasa walipata tisa.

Nilichukua kitabu cha majedwali, nikakifungua pale palipo na g ya kila latitudo, nikaenda nacho mpaka ofisini kwa mkufunzi. Nikamwekea mezani. Hakukitazama. Akaniambia, "Fundi, kuna stopwochi mbili bado hujazitengeneza." Nilikuwa nimezitengeneza asubuhi ile ile. Miaka imepita, na kila nikinyoa ndevu bado natunga majibu niliyopaswa kumpa.

Lakini hilo silo linalonikera usiku. Linalonikera ni kwamba niliporudi maabara nilimkuta binti amekaa kwenye ile benchi ya dirishani ana kifutio. Alikuwa ameandika kwa penseli, kama walivyofundishwa sekondari, na alikuwa anafuta sekunde moja baada ya nyingine, anaweka zile zinazoleta 9.81. Nikamwambia asifute, yeye ndiye aliyepima dunia ya kweli, kitabu hiki hapa. Akanitazama bila hasira yoyote: "Fundi, nikipata sapu nikaambiwa nirudie mtihani, utakuja kuufanya wewe?"

Sikuwa na jibu la swali hilo. Alirudisha ripoti, akapata nane. Baadaye nikasikia ameajiriwa benki, na sina shaka anawahesabia vizuri.

Ndiyo sababu muhula uliofuata penseli ilipigwa marufuku maabara kwangu, isipokuwa kwa grafu, na ndiyo sababu wewe na kaka yako mlikua mnasikia wimbo ule ule kila mkifanya hesabu: kilichoonwa kiandikwe kwa wino; kikikosewa, kipigwe mstari mmoja, na kilichoko chini ya mstari kisomeke. Mlinicheka. Kaka yako alipoandika barua ya posa kwa wino na kuipiga mistari, nani alicheka?

Nimezoea kusema kwamba aliyepika zile data ni mkufunzi, binti alishika mwiko tu. Halafu najibishana mwenyewe. Mkufunzi alikuwa kijana, ana rundo la ripoti mpaka kidevuni, na aliyemfundisha naye alitaka 9.81. Angeanza kumsikiliza kila fundi anayeingia na kitabu, angemaliza lini? Hapana. Kitabu kilikuwa wazi mbele ya macho yake, kukitazama kunachukua muda gani? Unaona, nimeshindwa kumtetea tena.

Na hapa ndipo ile hadithi ya Mpemba mnayoipenda huko kwenye idara zenu inaponigusa mahali ambapo haiwagusi nyie. Kila mwanafunzi anaijua nusu ya kwanza: Erasto Mpemba, mwaka 1963, yuko Sekondari ya Magamba, wanatengeneza aiskrimu, anaingiza mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, unaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu anamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Anakwenda Mkwawa, Iringa, anakuja mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na kijana anasimama kumuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35. Wenzake wanamcheka. Mwaka 1969 yeye na Osborne wanatoa makala pamoja kwenye jarida la Physics Education. Makofi.

Nusu ya pili haipigiwi makofi. Osborne aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Osborne mwenyewe ndiye aliyeandika: fundi alirudi akasema ni kweli, ya moto yameganda kwanza, halafu akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Kila ninapomsikia mhadhiri anasimulia, hapo ndipo ukumbi unapoangua kicheko. Mpemba ana jina, Osborne ana jina, fundi ni wa kuchekwa.

Mimi sicheki. Yule fundi alianza na alichokiona. Alikisema kwanza, kwa mdomo wake, kwa mkubwa wake, ingawa alikiona hakiwezekani. Ule mkia wa "jibu sahihi" ameuokota wapi? Kule kule binti alikookota kifutio chake. Au alikuwa anatania, na Osborne hakukijua kicheko cha mafundi? Mafundi tunatania hivyo tukiwa na hofu. Siwezi kuamua, na nimeshindana na mama yako juu ya jambo hili mpaka chai imepoa.

Na bado hawajamaliza kubishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, waliandika kwamba walijaribu kwa uangalifu wote na hawakuiona athari hiyo, tena kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kunatosha kukufanya uamini umeiona. Kipimajoto kinakaa wapi! Hiyo ni kazi ya nani? Ya fundi. Miaka zaidi ya hamsini ya maprofesa, na mzozo umerudi mikononi mwa mtu anayefunga waya kwenye bika.

(Na wewe usijifanye umesahau friji la shangazi yako, ulipolijaza vikombe vya maji ya moto na ya baridi, barafu zake zote za ukwaju za biashara zikayeyuka. Alikuwa anataka kukuchapa, mimi nataka kuyaona matokeo. Uliandika kwa wino. Daftari ninalo.)

Turudi kwa kijana wako. Mnazo stopwochi ngapi? Usiniambie hazitoshi, maana siku hizi kila simu ni maabara. Ile programu ya phyphox ya chuo cha Aachen, Ujerumani, uliyonionyesha Idi iliyopita inapima hata mtikisiko wa kitanda changu. Kwa hiyo vifaa si kisingizio. Madesa, zile kazi za wenzao za kunakili, yapo, yalikuwepo, yataendelea kugawanywa kwenye vimbweta, zile meza za nje za chuo, hata mkiweka askari. Tena huyu wako ni wa kizamani, amenakili kwa binadamu. Wenzake watakuletea ripoti zilizoandikwa na akili mnemba, hazina kosa hata moja la kujumlisha, na hutapata pa kumshika mtu.

Ningependa kujua kitu kimoja. Je, hakuja maabara kabisa, akatafuta desa? Au alikuja, akapima, akapata 9.6 au 9.9, akaogopa? Hao ni watu wawili, Mwanaidi, na ripoti zao zinafanana. Wa kwanza ni mvivu. Wa pili tumemtengeneza sisi. Mwambie alete karatasi yake chafu ya vipimo, ile ya siku yenyewe. Kama ipo, itazame kabla hujamtazama yeye. Kama haipo, basi haipo. Lakini hata mvivu, ukimuuliza vizuri, pengine alikuja mara moja akakuta hakuna uzi. Ah, naanza kumtafutia sababu. Wizi ni wizi, na mimi nilifukuza watu maabara kwa kidogo kuliko hiki.

Sifuri au si sifuri, hukumu ninayo. Nimeshamwambia mama yako, naye ameniambia nifunge mdomo, mshahara ni wa Mwanaidi na kazi ni ya Mwanaidi. Basi nimefunga. Inaniwasha, lakini nimefunga.

Ila neno moja. Ile safu ya pili iliyokosewa kujumlishwa, kwenye ripoti ya mwaka jana: ilipita. Mtu aliishika, akaisoma, hakuiona, akaipa maksi nzuri za kutosha hata kijana wako akaona inafaa kunakiliwa. Mwaka jana ripoti za pendulamu alisahihisha nani? Nijibu hilo kwanza, halafu tuendelee.

Machungwa, madogo hivyo hivyo, mama yako atayaweka kwenye basi la Ijumaa. Utoke mapema kuyapokea, kondakta wa mara ile aliyala.

Ni mimi baba yako.